Mbwa kulia na kisima kuchafuka kabla ya tetemeko: kuna ukweli au ni stori tu?

Ndoo_Moja

Wakuu habari za humu, naomba wenye ujuzi wa miamba na maji mnisaidie maana nyumbani tumebishana hadi watu wamenuniana. Juzi usiku tetemeko limepita, sio kubwa, vyombo viligongana kabatini, taa ikayumba kidogo, likaisha. Asubuhi baba mkwe akasema yeye alijua mapema kwasababu mbwa alilia tangu saa nne usiku, na wife akadakia kwamba hata maji ya kisima yalichafuka kabla. Na kweli mi mwenyewe nilichota ndoo ikawa na ukungu ukungu, nilivyoiacha itulie chini pakabaki tope laini kama vumbi la chokaa. Ila nikijiuliza ilikua kabla au baada, sina uhakika kabisa, siku zimechanganyika.

Sasa swali: ni kweli wanyama na maji vinajua kabla? Na kama vinajua, kwanini wataalam wenye mitambo yote ile hawatangazi tetemeko kama wanavyotangaza mvua?

---

Mpima_Visima

Mkuu hilo la maji nalijua vizuri, kupima kina cha visima ndio kazi yangu, kwahiyo nianze na hilo na la mbwa niwaachie wengine.

Maji ya kisima kirefu hayajakaa kwenye tangi huko chini, yamejaa kwenye vitundu na nyufa za mwamba. Chukua sponji iliyolowa uiminye kidogo, maji yanapanda, uiachie, yanashuka. Mwamba nao unaminywa na kuachiwa muda wote hata bila tetemeko. Mwezi unavyovuta bahari mpaka maji yajae na kupwa ndivyo unavyoivuta na ardhi yenyewe, na kwenye kisima ambacho maji yake yamebanwa vizuri katikati ya matabaka magumu, ukiweka kipimo cha kujirekodi utaona maji yanapanda na kushuka sentimita kadhaa kila siku kwa mpangilio uleule. Mgandamizo wa hewa ukipungua, mfano dhoruba ikikaribia, maji yanapanda pia. Siku ya kwanza kuona ule mchoro nilidhani kipimo kimeharibika, nikakitoa nikakifuta nikakirudisha, kumbe ni mwezi bana.

Sasa tetemeko likija mwamba unatikiswa vibaya sana. Lile la Alaska la tarehe 27 Machi 1964, ukubwa 9.2, lilionekana kwenye visima zaidi ya 700 ndani ya Marekani pekee, na kisima kimoja huko South Dakota maji yalicheza kama mita 7 juu chini, na hapo ni maelfu ya kilomita kutoka lilipotokea. Kwahiyo kisima kuchafuka ni kitu cha kweli kabisa, hujaota. Mtikisiko unabandua udongo laini uliokua umenata kwenye nyufa, unakuja juu na maji, na kwa kawaida baada ya siku kadhaa yanatulia yenyewe. Wakati mwingine nyufa zinafunguka na mito inaongezeka maji wiki nzima bila mvua. Ilitokea California baada ya tetemeko la Loma Prieta 1989, vijito vingine maji yaliongezeka mara kadhaa.

Ila angalia neno ninalorudia: BAADA. Karibu kila kitu nilichokutajia hapo ni baada au wakati uleule. Hiyo ndoo yako kabla hujabishana na mtu tafuta kwanza ulichota lini. Na usiinywe mpaka itulie na ipimwe, tetemeko linaweza kupasua hata mabomba ya majitaka chini huko ukaletewa mambo mengine.

---

kaka_mkubwa77

Mi nipo upande wa baba mkwe. Huwezi kushinda kesi na baba mkwe, kubali tu yaishe 😂

---

Nyayo_Porini

Haya mi nije na wanyama.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Cha kwanza ni mnyama kushtuka sekunde chache kabla yetu, hicho hakina mjadala. Tetemeko linatuma mawimbi ya aina mbili, yale ya P yanakimbia kama kilomita 6 kwa sekunde kwenye mwamba lakini ni mepesi, yale ya S yanakwenda kama 3.5 na ndio yanayotikisa nyumba. Ukiwa kilomita 60 toka chanzo, P inakufikia sekunde ya 10, S sekunde ya 17. Hizo sekunde saba katikati mbwa tayari kasimama masikio juu, wewe hujasikia kitu. Hakuna uchawi, mnyama kaguswa na tetemeko ambalo limeshaanza. Mitambo ya tahadhari ya Japani na ya California inatumia ujanja huohuo wa mbwa, inadaka P halafu inatuma ujumbe kwenye simu kabla S haijafika, tena ujumbe wenyewe unasafiri haraka kuliko wimbi.

Cha pili ndio chenye utata, mnyama kujua masaa au siku kabla. Mfano bora uliopo ni wa vyura wa Italia. Kuna watafiti walikua wanahesabu vyura kwenye ziwa dogo wakati wa kuzaliana, 2009, hawakua na habari na matetemeko kabisa. Ghafla madume yakapungua kwa asilimia 96, siku tano kabla ya tetemeko la L'Aquila la tarehe 6 Aprili, na ziwa liko kilomita 74 toka pale. Chura dume kuacha majike katikati ya msimu sio kawaida, nawaambia mi nimekaa na vyura. Kwahiyo mimi binafsi huo utafiti naupa heshima yake, kwasababu hesabu ziliandikwa KABLA, hakuna aliyekaa baadae kukumbuka kumbuka.

Lakini ni ziwa moja, msimu mmoja, tetemeko moja. Baridi, upepo, hata mwezi vinawabadilisha vyura.

Na upande mwingine kuna zile stori za tsunami ya 2004 kwamba tembo wote walikimbilia milimani. Kule Sri Lanka kwenye hifadhi ya Yala palikua na tembo waliovishwa kola za setilaiti, walipoenda kuangalia data hawakukuta huo mbio wa ajabu uliosimuliwa. Tembo walikua wanatembea kama siku zingine.

Kwahiyo kwa yule mbwa swali langu ni dogo: kwa wiki huwa analia usiku mara ngapi?

---

Ndoo_Moja

@Nyayo_Porini dah. Kusema kweli huwa analia. Sio kila siku ila kwa wiki usiku mmoja au miwili haikosi, kuna paka wa jirani anamtafuta ubaya.

---

Nyayo_Porini

Basi umejijibu. Kama analia siku mbili kati ya saba, tetemeko likija usiku wowote ule kuna nafasi mbili kwa saba kwamba atakua analia. Zile usiku alizolia na pasitokee kitu nani anazikumbuka? Baba mkwe kaikumbuka hii moja tu. Wala simlaumu, kichwa cha binadamu ndivyo kilivyo, hata mimi nikiota meli halafu kesho nikaiona nitasimulia mwaka mzima. Na matetemeko sio machache jamani, shirika la jiolojia la Marekani, USGS, linakadiria kwa mwaka duniani yapo kama 500,000 yanayoweza kunaswa na vipimo, na kama 100,000 kati ya hayo yanasikika na watu. Gawanya kwa siku 365 uone. Mbwa wa dunia hii hawawezi kukosa kupatia.

---

Saa_ya_Ardhi

Swali la mwisho la mleta uzi halijajibiwa, kwanini hawatangazi. Wamejaribu sana, na walivyochemka ndio somo lenyewe.

China, Februari 1975, mji wa Haicheng. Ilikua baridi kali, nyoka wakatoka mashimoni wakaganda juu ya barafu, maji ya visima yakabadilika, halafu mitetemo midogo ikaanza mfululizo na kuongezeka. Watu wakatolewa majumbani na jioni ya tarehe 4 likapiga la zaidi ya 7. Maisha mengi sana yaliokolewa. Dunia nzima ikasema basi tumeweza. Haukupita mwaka mmoja na nusu, tarehe 28 Julai 1976, saa tisa na dakika arobaini na mbili usiku, mji wa Tangshan, hukohuko China, ukapigwa watu wamelala, hesabu ya serikali ni zaidi ya 240,000 waliofariki. Hakuna mitetemo ya awali, hakuna aliyetolewa. Na ukiirudia Haicheng kwa utulivu unakuta kilichowahamisha watu hasa ni ile mitetemo midogo, nyoka na visima vilikua nyongeza. Shida ni kwamba mitetemo midogo mingi haifuatiwi na kitu. California kwa mfano, tetemeko la kawaida likitokea nafasi ya kufuatiwa na kubwa zaidi ndani ya siku chache ni kama moja kwa ishirini. Utahamisha mji mara kumi na tisa bure? Mara ya tatu hakuna atakayetoka.

Wamarekani nao wakachagua kijiji kinaitwa Parkfield, California, kwasababu palikua na mpangilio mzuri: 1857, 1881, 1901, 1922, 1934, 1966. Wastani miaka 22. Wakasema linalofuata litakuja kabla 1993 kuisha, wakajaza vipimo kila kona, vya kuvutika kwa ardhi, vya maji ya visima, vya sumaku, kila kitu. 1993 ikapita. Likaja tarehe 28 Septemba 2004, ukubwa 6.0, miaka 11 baada ya tarehe ya mwisho, likapiga katikati ya mitambo yote ile na walipopitia rekodi hawakukuta dalili ya maana iliyotangulia. Mi hapo ndipo nilipoacha kuwabishia wataalam. Kama mwamba ungekua na tabia ya kupiga hodi, pale wangeisikia.

Mvua ni tofauti, wingu unaliona, unalipima toka juu na toka ndani. Mpasuko wa mwamba linapoanzia tetemeko upo kama kilomita kumi chini, hakuna anayejua sehemu gani imekaza na sehemu gani imebakiza kidogo kuteleza, na inavyoonekana tetemeko kubwa linaanza kama dogo tu halafu halisimami. Wanachoweza ni kukwambia eneo hili kwa miaka 30 ijayo nafasi ni asilimia kadhaa, ujenge nyumba ipasavyo. Haisisimui, najua.

---

Bonde_la_Moto

Msifunge mjadala haraka hivyo. Iceland walikua wanachukua maji ya kisima kila wiki kwa miaka, na miezi minne hadi sita kabla ya matetemeko ya 2012 na 2013 kemikali za maji zilibadilika, sodiamu na nyinginezo. Hiyo ilichapishwa kwenye jarida kubwa la sayansi. Na Kobe, Japani, 1995 gesi ya radoni ilipanda kwenye maji kabla. Au nayo ni paka wa jirani?

---

Mpima_Visima

@Bonde_la_Moto hapana, hizo sio za paka wa jirani, hizo naziheshimu. Mwamba ukianza kupata nyufa ndogo ndogo maji yanagusa sehemu mpya za mwamba na ladha yake inabadilika, kwahiyo njia ya kutokea ipo na inaeleweka. Ila mbili, Iceland ni matukio mawili. Na hata ukikubali moja kwa moja, miezi minne hadi sita utamwambia mtu nini? Alale nje nusu mwaka? Radoni ndio kabisa, inapanda na kushuka kwa mvua na hewa, nimewahi kuona inaruka mara mbili kisa tu pampu ilizimwa wiki moja.

Ninachotamani mimi watu wafanye ni daftari. Kamba yenye uzito, pima kutoka mdomo wa kisima mpaka maji, saa ileile kila siku kabla hujachota, andika. Rangi andika. Mwaka mmoja tu hivyo, tetemeko likija una kitu cha kuonyesha, likikosa kuja una kisima unachokijua.

---

Ndoo_Moja

Wakuu nimerudi. Nimekumbuka ile ndoo niliipiga picha nikamtumia mdogo wangu nikimuuliza kama kisima kimeoza, nimeenda kuitafuta kwenye simu. Picha imepigwa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ILEILE, yani masaa sita baada ya tetemeko. Na juu yake kuna picha ya juzi yake wanangu wanaoga nje kwa maji yaleyale, meupe, unaona mpaka kitako cha beseni.

Wife kaangalia, kacheka, kakubali. Baba mkwe kavaa miwani, kaangalia ile picha kwa muda mrefu, kaniuliza nina uhakika gani saa ya simu yangu iko sawa.

Kamba nimeshafunga jiwe. Leo maji yapo mita 9 na sentimita 40 toka mdomoni. Mbwa kalala.