Naomba ushauri: nchi zina wajibu gani kwa walioachiwa huru na mahakama za kimataifa?

Ndugu wanasheria, naandaa andiko la chuo kuhusu namna nchi zinavyoweza kuzisaidia mahakama za kimataifa kushtaki uhalifu wa kivita, nikitumia mfano wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015.

Upande wa ukamataji sina shida: mahakama hizi hazina polisi wake, hivyo hutegemea polisi wa nchi; watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwa mfano, walikamatwa hivyo hata baada ya mahakama kufungwa, kwa kuwa chombo cha Umoja wa Mataifa kilirithi kazi zake: Félicien Kabuga alikamatwa Ufaransa mwaka 2020 na Fulgence Kayishema Afrika Kusini mwaka 2023. Waliohukumiwa nao walipokelewa katika magereza ya Mali, Benin na Senegal.

Kinachonitatiza ni walioachiwa huru au kumaliza vifungo, ambao baadhi yao walikaa miaka mingi katika nyumba maalumu Arusha, si wafungwa wala si wakazi, kwa kuwa waliogopa kurudi Rwanda na nchi nyingine hazikuwataka. Desemba 2021 wanane walipelekwa Niger kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa. Kabla ya mwezi huo kwisha, serikali ya huko ikaamuru wafukuzwe. Kwangu hilo ni pengo zito, ingawa msimamizi wangu anaona natoka nje ya mada.

Ibara ya 28 ya sheria iliyounda mahakama hiyo inataja ukamataji, ushahidi na upelekaji wa nyaraka, lakini iko kimya kuhusu aliyeachiwa. Je, wajibu wa ushirikiano katika azimio namba 955 la 1994 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililounda mahakama hiyo, unaweza kutafsiriwa kuwa unahusu pia kuwapokea, au niseme wazi kwamba ni hiari ya nchi?