Hii aplikesheni ya afya ilijaribiwa na wazee gani? Si wazazi wetu!

Ndugu zangu, nina hasira na sitaificha. Kiliniki moja ya binafsi mjini Kampala, anakotibiwa baba yangu presha na sukari, imefuta kadi za karatasi na kuzima namba ya simu ya mapokezi. Sasa miadi, majibu ya vipimo na maombi ya dawa za mwezi lazima vipitie kwenye aplikesheni. Ukutani wamebandika bango kubwa: ni rahisi kwa wazee, imejaribiwa na wazee wenyewe. Nauliza, wazee gani?

Baba ni mwanajeshi mstaafu, tunaishi Bombo. Nyumbani tunaongea Kinubi, Kiswahili chake ni cha kambini na kimenyooka, Kiingereza anakisoma kwa kubahatisha. Lakini asiitwe mjinga wa simu. Anabonyeza *165#, ile ya pesa za simu za MTN, anafuata namba moja baada ya nyingine, anawatumia wajukuu karo, na hakuna anayemshikia mkono. Mtu wa namna hiyo akishindwa, kasoro imo ndani ya aplikesheni.

Kuingia tu ni vita. Namba za siri zinakuja kwa ujumbe mfupi, na ili azisome inabidi atoke kwenye ukurasa. Akirudi, ukurasa umejifuta, aanze upya. Tarehe ya kuzaliwa inachaguliwa kwenye kalenda inayoanzia mwaka huu na kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Baba alizaliwa 1949! Maandishi ni ya kijivu juu ya weupe, wakati WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti na aplikesheni zitumike na kila mtu, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na Baba ana mtoto wa jicho. Nikamkuzia herufi kwenye mipangilio ya simu, jambo ambalo karibu kila mwenye mzazi wa umri huo amelifanya, basi kitufe cha kuhifadhi kikasukumwa nje ya kioo. Hakionekani, na ukurasa haushuki. Ndivyo alivyokosa miadi. Alijaza kila kitu, akaamini kimepokelewa, tukapanda taksi hadi mjini, tukaambiwa jina lake halimo. Alirudi Bombo bila dawa zake za presha.

Na hilo si baya kuliko yote. Mashine yake ya kupimia sukari inasoma kwa milimoli kwa lita. Siku hiyo ilionyesha 14.6, akaandika 14.6. Aplikesheni inasubiri kipimo kingine, miligramu kwa desilita, wala kisanduku hakisemi hivyo mahali popote. Milimoli 14.6 ukizizidisha kwa 18 unapata kama miligramu 263 kwa desilita, yaani sukari imepanda vibaya. Aplikesheni ikazichukua kuwa miligramu 14.6, ikatoa onyo jekundu kwa Kiingereza: sukari imeshuka mno, kunywa kitu kitamu haraka. Binti yangu akamsomea babu yake. Nilipoingia, soda ilikuwa imeshafunguliwa.

Mnaelewa hapo? Mzee mwenye sukari ya juu anaambiwa na kiliniki yake anywe sukari. Kwa miligramu, sukari huhesabiwa imeshuka ikiwa chini ya 70. Mwenye 14.6 ya kweli yuko katika hatari ya kupoteza fahamu, hakai kitini akijaza simu. Namba kama hiyo ilipaswa kuifanya programu isite na kumwuliza anatumia kipimo gani. Presha nayo nikaijaribu kwa makusudi, nikageuza, nikaandika 80 juu na 150 chini. Ikapokea bila neno.

Sasa nirudi kwenye hayo majaribio. Jirani yetu, bibi mmoja anayetibiwa hapohapo, alikuwa miongoni mwa walioitwa. Anasema kijana mpole alikaa naye, akamshikia simu, palipomshinda akambonyezea, kisha akamwuliza, "Jaja, umeipenda?" Akajibu, "Nzuri, mwanangu." Angejibu nini? Amepewa chai na nauli, ameitwa jaja, yaani bibi, kwa heshima. Wazee wetu hawamwambii mwenyeji wao kwamba kazi yake ni mbovu, na anayefanya utafiti na watu wa Uganda bila kulijua hilo hajaanza kazi.

Nilipodai kuona walichopima, nikaonyeshwa karatasi yenye jina la SUS, dodoso la kuwauliza watumiaji kama chombo ni rahisi kutumia. Dodoso hilo lilitungwa na John Brooke mwaka 1986. Lina sentensi 10, tano za kusifu na tano za kulaumu, zikipishana. Zimepishanishwa kwa sababu nzito: anayeitikia ndiyo kwa zote anaishia na 50 kati ya 100, wakati wastani unaotumiwa na watu wa fani hiyo ni 68. Kwenye karatasi yao zile za kulaumu hazimo. Wamezing'oa, wakabakiza sifa, halafu wakatangaza matokeo kuwa asilimia, na alama za SUS si asilimia.

Hata wangelijaza lote, dodoso linaeleza mtu alivyojisikia. ISO 9241-11, kiwango cha kimataifa kuhusu urahisi wa kutumia, kinataka mambo matatu: kazi imekamilika sawasawa, imegharimu muda na nguvu kiasi gani, na mtumiaji ameridhika. Bango lao lina la tatu tu. Mimi nalitaka la kwanza. Katika wazee walioitwa, ni wangapi waliweka miadi hadi mwisho bila kijana kugusa simu? Wangapi waliandika sukari yao ikasomwa ilivyo? Wangapi walikuwa hawasomi Kiingereza? Katiba imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini humo ndani hakuna neno la Kiswahili, wala la Kiganda.

Na wasilete habari ya gharama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo, mradi uzirekebishe na ujaribu tena. Siku za kiliniki benchi limejaa wazee tangu asubuhi. Chukua watano kati yao, mpe kila mmoja simu aliyokuja nayo, mwambie aweke miadi ya mwezi ujao, kisha kaa kimya, mikono yako iwe mbali. Utaona kitufe kilichopotea kabla chai haijapoa.

Meneja alinijibu, "Si mna wajukuu nyumbani?" Jibu hilo ndilo lililonileta hapa. Baba ana mambo ya mwili wake ambayo humwambia daktari peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Sasa binti wa miaka kumi na mitatu ndiye anayefungua majibu yake ya mkojo na kumsomea kwa sauti. Wengine hawana mjukuu, wanampa namba ya siri kijana wa boda. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 imeihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa ya kulindwa kwa namna ya pekee. Aplikesheni inayomlazimisha mgonjwa kuigawa ili apate dawa inamvua faragha hiyo.

Bando nalo ni kero. Tangu Julai 2021 intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12. Sheria iliitoa data ya huduma za matibabu, lakini bando analonunua Baba dukani ni lilelile la kila mtu. Likiisha, haoni hata tarehe ya miadi aliyokwisha kuiweka.

Kadi za karatasi zirudi na simu ya mapokezi ipokelewe, hadi majaribio ya kweli yafanyike. VHT, wale wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini, wanawajua wazee nyumba kwa nyumba, waende nao. Watoe njia ya kubonyeza namba kama *165#, ili hata mwenye simu ya tochi aweke miadi. Wenye wazazi Busia, Jinja, Arua, andikeni hapa mzee wako anakwama hatua gani na kwenye simu gani, nitayachapisha yote na kuyapeleka kwa mkono. Lakini lile onyo la sukari lisingoje orodha yetu. Walizime leo, na wampigie kila mgonjwa aliyewahi kuletewa onyo hilo wamwulize alikunywa nini.