MJADALA: Picha za filamu za askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki) na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918, zitiwe rangi na sauti, au ziachwe zilivyo?

MkandaMkongwe (mleta mada): Mwaka 2018 mwongozaji filamu Peter Jackson alichukua picha za vita ile za Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza, akazitia rangi na sauti, watazamaji wakazipokea kwa mikono miwili. Kwa nini za kwetu, askari wa KAR na wapagazi walioibeba vita ile kichwani, zibaki kijivu zinarukaruka kama vikatuni? Mimi nasema filamu za makala zizitie rangi. Mtu akiona sura yenye rangi, anaacha kuiona kama kitu cha makumbusho.

Mhariri_wa_Usiku: Rangi ipi, mkuu? Mikanda mingi ya wakati ule haikuona nyekundu. Chekundu kilitoka cheusi, buluu ya mbingu ikatoka nyeupe. Ngozi ya kahawia hurudisha zaidi mwanga wa upande wa wekundu, kwa hiyo mkanda uliifanya nyeusi kuliko ilivyokuwa, chale na makunyanzi vikamezwa. Programu ya kompyuta ya kutia rangi haijui hilo. Inakuta kijivu kizito, inapaka kahawia moja kikosi kizima, Myao na Mkamba na Msudani wote mapacha. Tarbushi nayo nyekundu au nyeusi? Kwenye mkanda ni giza lile lile. Ukibahatisha, mtazamaji atadhani ni ushahidi.

Tena kabla ya rangi, jua ni jeshi la nani! Askari wa Mjerumani naye alivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki. Angalia bunduki: Lee-Enfield ya Mwingereza ina kisanduku cha risasi kinachochomoza mbele ya kifyatulio, Mauser ya 1871 ya Mjerumani haina. Hata hivyo bunduki peke yake haitoshi, maana Wajerumani waliteka silaha nyingi za Waingereza pale Tanga, Novemba 1914.

Fremu16: Kurukaruka hakutokani na kijivu, ni kasi. Kamera zile zilizungushwa kwa mkono, fremu (picha moja moja za mkanda) kama 14 hadi 18 kwa sekunde, na mkono huchoka. Kipande kinaweza kuanza 17 kikaisha 15. Dakika moja ya fremu 16 ni fremu 960. Ipitishe kwa kasi ya leo ya fremu 25 kwa sekunde, inaisha kwa sekunde 38 na ushee, na mpagazi mwenye kilo 25 kichwani anaonekana anakimbia kwa furaha. Huo ndio uongo mkubwa.

Dawa yake: tafuta mtu mmoja anayetembea, jaribu 14, 16, 18, ukitazama nguo inavyoanguka na vumbi linavyotua. Vumbi husema kweli kuliko miguu. Kisha, ili kufikisha 25, rudia fremu zilizopo. Usiiache programu itunge za katikati: kwenye msururu wa wapagazi miguu inapishana, nayo inaunga goti la huyu na unyayo wa yule. Simamisha picha hapo, utaona mguu umeyeyuka.

Binti_Taveta: Na sauti je? Jackson aliajiri wasomaji wa midomo. Midomo ya askari wa KAR isomwe kwa lugha gani? Jeshi lile lilikuwa na Kiswahili chake cha kambini, kulikuwa na Kinyanja na Kinubi, na wenyewe kwa wenyewe Kikamba, Kinandi, Kiyao. Atakayewawekea midomoni Kiswahili sanifu, kilichosanifiwa miaka ya 1930, ameandika tamthilia.

MkandaMkongwe: Haya, kasi na sauti nimewaelewa. Lakini tukiziacha hivyo, nani atazitazama? Watu wanapita Kariakoo kila siku hawajui kwamba jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita ile.

Binti_Taveta: Kaka, mfano uko wazi. Mwaka 2019 Channel 4 ya Uingereza ilirusha filamu ya mbunge David Lammy kuhusu Waafrika waliokufa katika vita ile bila kuwekewa kaburi wala jina. Baada yake CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliunda kamati, na ripoti ya Aprili 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika na wa Mashariki ya Kati. Nguvu yake haikuwa rangi. Ilikuwa kuuliza jina liko wapi.

Halafu tazama kamera ilielekezwa wapi. Wapagazi wengi waliuawa na maradhi, kuhara damu mbele, huku wakilishwa unga wa mahindi usioiva kwa kukosa sufuria na muda wa kupika. Nani aliipiga picha sufuria hiyo? Ukizipamba picha za gwaride, unazidi kulifanya gwaride ndiyo vita yenyewe.

MkandaMkongwe: Hoja ya sufuria imenigusa. Bado naomba nafasi ndogo: sekunde 10 za mkanda asilia kwanza, bila muziki, kisha zile zile zenye rangi, na maandishi "rangi ni za kubuni".

Mhariri_wa_Usiku: Hapo tunaweza kuzungumza. Ila maandishi yakae muda wote, si sekunde tatu, na yachomwe ndani ya picha yenyewe, karibu na nyuso. Yakiwa pembeni, mtu atayakata, atarusha kipande WhatsApp, na kesho kitarudi kwetu kama picha halisi ya 1917.