Mrejesho: ule ukungu mweupe kwenye vigae vya bafu umetoka

Jamani, nimerudi. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu ukungu wa grauti (si kuvu, ni utando wa vumbi la ile saruji ya kujazia nafasi kati ya vigae) uliobaki kwenye kuta za bafu baada ya fundi kuweka vigae. Nikifuta kwa maji panang'aa, pakikauka weupe uleule.

Asanteni mlioniambia nisubiri. Niliacha siku 10 grauti ikomae, kisha nikachanganya kikombe 1 cha siki na vikombe 4 vya maji, nikajaribu kwanza kigae cha nyuma ya mlango. Kabla ya kupaka nililowesha mistari ya grauti kwa maji matupu ili isinywe siki, maana asidi hula saruji. Nikasugua kwa sponji ya nailoni, nikasuuza mara mbili, nikakausha kwa kitambaa. Hapo kwenye kukausha ndipo nilipokuwa nakosea: maji yakijikaukia yenyewe, vumbi la grauti linakaa palepale.

Kona ya chini ya bomba iligoma. Nikatumia dawa yenye asidi ya salfamiki, glavu mkononi, dirisha wazi.

Aliyeshauri niongeze jiki, hapana ndugu yangu! Jiki na asidi hutoa gesi ya klorini. Na vigae vyangu ni vya kauri. Wenye marumaru halisi msiguse siki, inaua mng'ao.