Tupeane uzoefu: hospitali ya misheni ikishakuwa ya serikali, ikabadilishwa jina

Mtu_wa_Kuze: Asalaam aleykum, na habari zenu nyote. Barazani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, siku hizi ni mjadala mmoja tu: hospitali ya umma iliyoanzishwa na kanisa ibaki na jina la mtakatifu, au ipewe jingine? Huyu anasema inakula kodi yetu sote, yule anasema aliyejenga asifutwe. Siasa tuwaachie wenyewe. Nataka yaliyowafika nyinyi mliozaa, mliolazwa au mliofanya kazi humo.

Naanza. Kifungua mimba wangu alizaliwa bara kwenye hospitali kama hiyo, na karatasi ya kuarifu kuzaliwa ikaandikwa jina la zamani. Kufuata cheti, jina lishabadilishwa. Karani akaniambia hospitali hiyo haimo. Nikamwambia mtoto yumo, huyo hapo mgongoni kwa mamake. Wapi! Nikatumwa nirudi bara nikalete barua.

Nesi_Mstaafu: Pole baba. Mimi nilikuwa wodi ya uzazi serikali ilipotuchukua. Ubao wa nje ulibadilishwa siku moja, mheshimiwa akaja, soda zikanywewa. Ndani ilichukua miaka. Shuka zetu zilikuwa na chapa ya misheni pembeni, wino hautoki hata kwa jiki, tukazitandika hivyo hivyo mpaka zikachanika. Muhuri mpya nao ukachelewa. Tukawa tunagonga wa zamani, halafu twaandika jina jipya juu yake kwa kalamu. Barua ya rufaa yenye majina mawili ikifika hospitali kubwa, wanapiga simu kuuliza kama ni ya kweli, na mgonjwa yuko kwenye machela.

Kubwa zaidi ni dawa. Zamani makasha yalikuja kutoka kwa makanisa ya ng'ambo, na yalipokatika watu wakalaumu jina: "Mmemfukuza mtakatifu, sasa hata panadol hakuna!" Wala si jina. Waliokuwa wakituma walikuwa wakisaidia misheni yao, na misheni haipo tena. Mimi ningeuliza hilo kwanza, nani atajaza stoo, kabla ya kugombania ubao.

Mama_Likoni: Mimi Muislamu, na mtoto wangu wa pili nimemzaa kwa kupasuliwa kwenye hospitali ya masista. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji sista akasali, mimi nikasoma Ayatul Kursiy, daktari akasubiri sote tumalize. Jina la mlangoni hata sikuliangalia. Lakini marehemu mama mkwe hakukanyaga pale mpaka lilipobadilishwa, basi msiseme jina si kitu.

Mpokomo_Halisi: Kwetu Tana, Ngao, Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika miaka ya 1880. Hospitali leo ni ya umma, na jina ni la kijiji. Hakuna wa kubishana naye. Ukiipa hospitali jina la mahali, dini zote zinapita.

Dada_wa_Mazeras: Msije mkaichanganya na St. Luke's ya Kaloleni. Ile ilianza na wamisheni wa Kianglikana na bado ni ya kanisa. Hilo jina ni lao.

Mzee_wa_Tononoka: Nyinyi mwapigania ubao ambao hakuna atakayeusoma. Panda tuktuk hapa Mombasa useme "Coast General Teaching and Referral Hospital", hospitali yetu kubwa, uone. Dereva atakuuliza, "Makadara?" Na sisi wa zamani bado twasema Provincial, ilhali mikoa ilikufa na katiba ya 2010. Kisumu wameandika Jaramogi Oginga Odinga, watu wanasema Russia kwa sababu Warusi ndio waliojenga. Unguja nao, baada ya mapinduzi hospitali ya Mnazi Mmoja iliitwa V. I. Lenin, yule kiongozi wa mapinduzi ya Urusi. Lenin kaondoka, mnazi upo.

Mtu_wa_Kuze: Mzee umenivunja mbavu. Lakini tuktuk haitoi cheti cha kuzaliwa! Nesi, ile barua iwe na nini hasa?

Nesi_Mstaafu: Majina yote mawili, la sasa na "iliyokuwa ikiitwa" fulani. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba aliyoandikwa kwenye rejista ya uzazi. Isainiwe na msimamizi, igongwe muhuri mpya. Omba nakala mbili, moja usiitoe nyumbani. Na ukifika usiende mapokezi, nenda moja kwa moja ofisi ya rekodi. Vitabu vya zamani viko kwao.