Akaunti ya biashara imeibiwa, na imeili iliyoifungua si yangu. Naomba ushauri

Mshonamikoba
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada, na wa kunicheka anicheke baadaye.

Nashona mikoba ya ngozi na ya turubai, na wateja wangu karibu wote wananipata Instagram. Juzi saa nne usiku nikiwa nakata ngozi, iliingia DM yenye nembo ya Instagram, jina limeandikwa kama kitengo cha haki miliki. Ikasema picha yangu moja imelalamikiwa, akaunti inafungwa ndani ya saa 24 nisipokata rufaa, na linki hii hapa. Nikabonyeza. Ukurasa ulifanana kabisa na ule ninaoingilia kila siku. Nikaweka jina, nikaweka neno la siri, ukaniomba msimbo wa tarakimu 6 uliokuja kwa meseji, nikauweka nao. Ukaniandikia "Asante, rufaa yako imepokelewa." Nikarudi kwenye ngozi yangu.

Robo saa baadaye nafungua apu, naambiwa neno la siri si sahihi. Naomba jipya, naona linatumwa kwenye imeili inayoanza na herufi nisizozijua. Asubuhi dada yangu ananipigia: ukurasa unatangaza "weka pesa kidogo upokee mara tano baada ya saa 3", na jina langu juu. Watu wawili wameshatuma pesa.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni kwamba akaunti aliifungua msaidizi wangu wa zamani, kwa imeili yake, miaka mitano iliyopita. Tulitengana vibaya, mambo ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Mimi nilikuwa na neno la siri tu, na laini yangu ndiyo ilikuwa inapokea misimbo. Nianzie wapi?

Kijana wa Zamu
Pole sana dada. Kabla watu hawajaanza kukuandikia dawa ya kila ugonjwa, tuelewane: wewe umeibiwa, hujafungiwa. Aliyesahau neno la siri ana njia yake, aliyesimamishwa na mtandao ana yake, aliyeibiwa ana yake. Ukipanga foleni isiyo yako utazungushwa wiki nzima.

Swali: kwenye picha zako kuna sura yako, au ni mikoba tu?

Mshonamikoba
Mikoba tu. Mimi na kamera hatupatani.

*[Ujumbe umeondolewa na msimamizi]*

Mzee Kobe
Kwa waliochelewa: huyo aliyeondolewa alikuwa anamwita dada PM, eti ana mtu "ndani ya kampuni", akaunti inarudi ndani ya saa moja, nusu ya malipo kwanza. Dada usiende. Hawa kazi yao ni kupekua mtandaoni kutafuta neno "nimeibiwa akaunti". Hiyo nusu atakula, kisha atakuomba msimbo, na utaibiwa mara ya pili na mtu uliyemlipa mwenyewe.

Nusu Fundi
Nimewahi kukaa na watu wanne kwenye janga hili. Wawili walirudi, wawili hawakurudi, na kilichowatenganisha ni imeili.

Mwizi anapobadilisha imeili ya akaunti, Instagram inaiandikia ile ya zamani. Barua inatoka security@mail.instagram.com, inasema imeili yako imebadilishwa, na ndani ina linki ya kusema si mimi niliyefanya hivi, linda akaunti yangu. Linki hiyo ndiyo inayoweza kurudisha imeili ya mwanzo. Kwa maelezo yako, hiyo barua iko kwenye sanduku la msaidizi wako, labda kwenye taka. Yeye akiiona atadhani ni matangazo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji kompyuta. Mpigie simu.

Mshonamikoba
Nilijua kuna mtu atasema hivyo. Hakuna njia nyingine?

Nusu Fundi
Ipo, ni ndefu. Chukua simu ile ile unayotumia siku zote, fungua instagram.com/hacked, chagua kwamba akaunti imedukuliwa. Utaulizwa jina la akaunti au namba ya simu. Kama mwizi bado hajaondoa laini yako utapata linki ya kuingia hapo hapo. Kama ameiondoa, unaendelea mpaka kwenye kuomba msaada.

Huko ndiko picha zinapoleta tofauti. Akaunti yenye sura ya mwenyewe, wanaomba ujirekodi video fupi ukigeuza kichwa huku na huku, wanakulinganisha na picha zilizomo. Akaunti isiyo na sura, kama yako, wanakuuliza imeili au namba iliyotumika siku ya kuifungua, na aina ya kifaa kilichotumika siku hiyo: iPhone, Android, iPad na kadhalika. Unajua ilifunguliwa kwa kifaa gani?

Mshonamikoba
Sijui. Anajua yeye.

Nusu Fundi
Basi njia zote mbili zinapita mlangoni kwake.

Kalamu Nyekundu
Naomba kuuliza kitu nisaidike na mimi. Si alikuwa na ule ulinzi wa hatua mbili? Msimbo ulikuja kwenye laini yake mwenyewe. Sasa mwizi aliingiaje?

Kijana wa Zamu
Aliingia kwa sababu msimbo alipewa. Ule ukurasa wa bandia hauweki siri zako kibindoni mpaka kesho. Ukiandika neno la siri, wenyewe unalipeleka muda ule ule kwenye Instagram ya kweli. Instagram ya kweli inaona mtu anaingia, inatuma msimbo kwako. Wewe unadhani umeombwa na ukurasa ulio mbele yako, unauandika, nao unaruka kwenda kule. Hata ukitumia apu ya uthibitishaji, ile inayobadilisha namba kila sekunde 30, sekunde 30 zinamtosha.

Cha kukumbuka ni kimoja: Instagram haimwandikii mtu DM kuhusu kufungiwa akaunti. Ukiwa ndani ya apu, kwenye mipangilio ya usalama, kuna orodha ya barua walizokutumia hivi karibuni. Barua isiyokuwemo humo, ifute.

Binti Hesabu
Dada, wakati unatafuta moyo wa kupiga hiyo simu, fanya haya leo leo. Kama kuna kadi ya benki uliyoweka kwa ajili ya kulipia matangazo, piga benki waizuie, kwa sababu wezi hawa hupenda kurusha matangazo yao kwa pesa ya mwenye akaunti. Kama una ukurasa wa Facebook uliounganishwa na biashara, na kuna mtu mwingine mwenye udhibiti kamili, aingie sasa hivi amwondoe mwizi kabla mwizi hajamwondoa yeye. Neno la siri ulilotumia Instagram, kama ndilo la imeili yako pia, badilisha la imeili kwanza.

Na weka tangazo kwenye status ya WhatsApp. Wateja wako wanaibiwa kwa jina lako, waambie.

Mshonamikoba
Kadi nimeizuia. Dada yangu alikuwa na udhibiti wa ukurasa wa Facebook, nilikuwa nimeshasahau kabisa, amemwondoa.

Lakini sasa hivi, naandika hapa, imeingia meseji: msimbo wa WhatsApp, tarakimu 6. Sijauomba.

Kijana wa Zamu
USIMPE MTU.

Binti Hesabu
Usimpe hata akikupigia akijiita nani!!

Nusu Fundi
Ni yeye huyo, namba ameiona kwenye wasifu wa ukurasa. Akipata msimbo huo anaisajili WhatsApp yako kwenye simu yake. Ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu 6 na imeili ambayo ni YAKO. Harakisha. Mtu akiibiwa WhatsApp anaweza kumtoa mwizi kwa kusajili namba upya, ila kama mwizi aliwahi kuweka PIN yake, mwenye namba anasubiri siku 7 ndipo aingie bila hiyo PIN. Siku 7 za wateja kumwandikia mtu asiyekuwepo.

Mshonamikoba
Nimeweka. Mikono inatetemeka. Amepiga simu kweli, anaongea vizuri kabisa, anasema anatoka "huduma kwa wateja". Nimekata.

Saa Mbovu
Samahani kwa kudandia uzi wa mwenzangu. Mimi sijaibiwa ila msimbo wa apu ya uthibitishaji unakataliwa kila nikiuweka, wiki ya pili sasa. Nimejaribu mpaka mtandao umeniambia nipumzike.

Nusu Fundi
Angalia saa ya simu yako.

Saa Mbovu
Ina maana gani, angalia saa?

Nusu Fundi
Ile namba inatengenezwa kwa siri iliyomo kwenye simu pamoja na saa. Simu yako ikiwa nyuma ya wakati, inatengeneza namba zilizokwisha kupita. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, weka ijipange yenyewe.

Saa Mbovu
Ilikuwa nyuma kwa dakika sita. Niliirudisha mwenyewe kwa ajili ya mchezo fulani wa kwenye simu, unaokupa zawadi kila siku. Sisemi zaidi.

Mzee Kobe
Afadhali hukusema zaidi.

Turubai la Bluu
Na mimi nichangie kwa waliosimamishwa, maana Kijana wa Zamu amesema ni foleni nyingine. Kwa Facebook na Instagram, ukiingia ukakuta akaunti imesimamishwa, una siku 180 za kukata rufaa, na zikipita bila rufaa inafungwa moja kwa moja. Rufaa yenyewe iko pale pale kwenye ile skrini ya kusimamishwa. Mimi kwenye mtandao mmoja (sitautaja) nilifungua akaunti mpya kwa hasira badala ya kukata rufaa. Mpya ikafungwa na yenyewe, nikawa na kesi mbili.

Na kabla ya kutuma kitambulisho, hakikisha jina lililo kwenye akaunti ni lako. Ukijiita "Mfalme wa Viatu" halafu kitambulisho kinasema jingine, usishangae kukataliwa.

Mzee Kobe
Mshonamikoba, siku mbili kimya. Umepiga simu au bado?

Mshonamikoba
MREJESHO

Nimepiga. Nilikaa na namba yake kwenye skrini muda mrefu, taa ya simu ikawa inazima nawasha. Alipokea mlio wa pili. Nikaanza na mshahara, si akaunti, kwa sababu nilijua nikianza na akaunti atanisikiliza kwa sikio moja, na angekuwa na haki.

Barua ilikuwa kwenye taka kama Nusu Fundi alivyosema, saa nne na dakika kumi na mbili usiku ule ule. Alikuwa ameiona, akadhani nimemwondoa mimi mwenyewe kwa makusudi. Alibonyeza linki, imeili yake ikarudi kwenye akaunti, tukaweka neno jipya la siri. Nikajua tumemaliza. Kumbe bado: "Weka msimbo wa apu ya uthibitishaji." Mwizi alikuwa ameweka ya kwake.

Tukabonyeza jaribu njia nyingine, kisha kuomba msaada, na ile fomu ikaja na maswali yale yale. Imeili ya kufungulia, tunayo. Kifaa? Akajibu bila kufikiri: "Kile kishikwambi cheusi chenye ufa kwenye kona, Android. Ulikuwa unakiegemeza kwenye cherehani." Nilikuwa nimekisahau kabisa. Jibu lilikuja siku ya pili na linki ya kuingia.

Ndani nimekuta mambo. Vifaa viwili nisivyovijua, nimevitoa. Kwenye Kituo cha Akaunti, pale akaunti za Instagram na Facebook zinapounganishwa, kuna akaunti ngeni imeunganishwa na yangu, nusura niiache maana sikujua kama hicho kitu kipo. Linki ya wasifu imebadilishwa. Picha zangu za mikoba hazionekani hata moja.

Nusu Fundi
Hongera sana. Ile akaunti ngeni ukiiacha anaweza kupata upenyo wa kurudi. Picha usilie bado. Angalia kwenye kumbukumbu (Archive), wengi huzificha humo tu ili ukurasa usishtue watu. Kama amezifuta, nenda kwenye shughuli zako, sehemu ya vilivyofutwa hivi karibuni, picha hukaa humo mpaka siku 30.

Mshonamikoba
Zilikuwa kwenye kumbukumbu! Zote. Nazirudisha moja moja, nimefika mikoba ya mwaka jana.

Nimeweka imeili yangu, apu ya uthibitishaji kwenye simu yangu, na ile misimbo ya akiba ya tarakimu 8 nimeiandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa nyuma. Wale wawili waliotuma pesa nimewapigia, nimewaambia ukweli. Mmoja amenielewa. Mwingine hapokei.

Binti Hesabu
Kila msimbo hapo unatumika mara moja tu, ukiutumia ukate kwa kalamu.

Mzee Kobe
Na ule mshahara?

Mshonamikoba
Nimemlipa wote mzee wangu. Na zile siku mbili alizokaa nami kwenye simu nazo nimezihesabu.