Genode: kila komponenti na VFS yake, au seva moja ya faili kwa wote?

MgosiChumbageni
Wakuu, habari za leo. Natengeneza kifaa cha kurekodi joto la chumba cha barafu, cha jamaa anayechukua samaki pale Deep Sea. Bodi ndogo, Genode (mfumo endeshi unaojengwa kwa komponenti, yaani programu ndogo zilizotengwa), kadi ya SD yenye ext2 (mpangilio wa faili kwenye kadi). Komponenti ni tatu: rekoda inaandika joto kila dakika, ukurasa unamwonyesha mwenye samaki kwenye simu, na kengele inalia joto likipanda. Zote zinataka faili zilezile. Naona njia tatu: (1) kila moja iwe na VFS yake (sehemu inayoshughulikia faili) na ifungue ext2 yenyewe, (2) seva moja ya VFS, wengine waombe kwake, (3) faili zikae kwenye RAM. Mie nimeelemea ya kwanza, haina mizunguko.

BintiPangani
Mgosi, hiyo iache leo hii. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Dereva ya ext2 iliyo ndani ya rekoda inakariri bloku (kipande cha kadi) ipi iko wazi na saraka ina nini. Iliyo ndani ya ukurasa nayo inakariri yake, na haziambiani kitu. Rekoda ikiongeza faili, ukurasa bado unaona saraka ya jana. Siku mbili hizo zikiandika pamoja, bloku moja itapewa faili mbili, hapo umeshapoteza data. Ndiyo maana part_block, komponenti inayogawa kadi kwa patisheni, huipa kila patisheni mteja mmoja tu. Unaweza kukata patisheni tatu, lakini ukurasa hautaona kilichoandikwa na rekoda, na hicho ndicho unachokitafuta.

Mzee_wa_Ngamiani
Mbona mnajitesa vijana? Linux, bind mount ya kusoma tu (saraka ileile ionekane mahali pengine), mtu unakwenda zako kunywa kahawa.

BintiPangani
Shikamoo mzee. Kwenye Linux ext2 iko ndani ya kerneli, kwa hiyo programu zote zinapita mlango mmoja hata zisipojua. Hapa kerneli haijui faili ni nini. Mlango unaujenga mwenyewe.

Mzee_wa_Ngamiani
Marahaba. Na seva yenu ikianguka, hao watatu watasoma wapi?

BintiPangani
Hawasomi, hilo sikufichi. Ila mfumo mzima hauanguki nayo.

fundi_mkonge
Mie niliweka ya pili kwenye mzani wa mkonge, na kazi yote iko kwenye sera, yaani mistari ya ruhusa za seva. Kila mteja anatambulika kwa lebo, unamwandikia mstari wake:

`<policy label_prefix="rekoda" root="/joto" writeable="yes"/>`

Ukurasa uupe root hiyohiyo bila writeable. Usipoandika, hesabu ni hapana. Kwa mteja, /joto ndiyo mzizi wenyewe, vilivyo nje yake havioni kabisa. Halafu kwa init (komponenti inayowasha nyingine) uelekeze maombi ya File_system yaende kwa seva, na umwongezee mteja RAM kidogo, maana bafa ya mawasiliano inakatwa kwenye mgao wake, si wa seva.

Kilichoniumiza ni default-policy, sera ya mteja asiyelingana na mstari wowote. Niliiweka wakati wa kujaribu, root="/" na ruhusa ya kuandika, nikaisahau. Baadaye nikakosea herufi moja kwenye lebo. Badala ya kukataliwa, mteja akaangukia kwenye default-policy na kuandika anapotaka. Wiki mbili sikujua!

Ya tatu usiitupe. Ndani ya seva hiyohiyo weka saraka ya ram kwa joto la sasa hivi, kengele isome hapo. Umeme ukikatika inapotea, nayo haina hasara kwa kuwa dakika moja baadaye kuna namba mpya. Kadi yako nayo itapumua.

BintiPangani
Naongeza: kengele haihitaji hata kujua faili. Weka fs_rom katikati (komponenti inayotoa faili kama ROM, yaani data ya kusoma tu), kengele ipate joto kama ROM, na faili ikibadilika itaarifiwa. Na kumbuka ext2 haina jarida la mabadiliko. Umeme ukikatika rekoda ikiwa katikati ya kuandika, fsck (programu ya kukagua na kurekebisha ext2) inakuhusu.

MgosiChumbageni
Ahsanteni sana. Nimehamia ya pili, kengele iko kwenye ram kupitia fs_rom, default-policy nimeifuta. Jana ukurasa uligoma kuwaka, seva inasema hakuna sera inayolingana. Kumbe niliandika "ukurusa".

fundi_mkonge
Hahaa, bora yako imepiga kelele siku ileile.